Chakula kiliruhusiwa kupita, mbona nyanya zangu zilioza?

«Mshauri, salamu. Nina miaka 41. Nalima nyanya kwenye ekari moja ya kukodi, na ndizi kidogo kwenye shamba la ukweni, huku Taveta. Mwaka 2020 nilikuwa nimepandikiza nyanya mwezi wa pili kwa mkopo wa shilingi 60,000 tuliouchukua akina mama wanane kwa kudhaminiana. Zilipoanza kuiva, Mombasa ikafungwa kwa sababu ya korona. Nilizoea kwenda soko la Kongowea na mzigo wangu mwenyewe, sasa nikabaki kumpigia dalali simu. Kreti iliyokuwa ikienda 4,000 alinipa 700, na wiki nyingine akasema hata hiyo haipo, zikaozea shambani. Mume wangu alikuwa jikoni kwenye hoteli moja Diani, akarudi nyumbani bila kazi. Watoto wanne wote nyumbani. Nikauza mbuzi kwa bei ya kutupa ili nilipe kikundi, na bado wenzetu wawili walitoroka na deni, kikundi kikavunjika kwa matusi. Mpaka leo shemeji yangu anasema serikali iliruhusu chakula kipite, kwa hiyo mimi ndiye sikujua biashara, nyanya ni kamari, ningelima mahindi. Mwaka 2024 niliposikia ugonjwa wa mpox umeonekana hapa hapa mpakani kwetu sikupata usingizi, na msimu ule sikupanda kitu. Sasa kuna taasisi inataka kutukopesha tena kwa kikundi. Je, niache nyanya? Nichukue mkopo? Na ugonjwa mwingine ukija, mwanamke kama mimi atajikinga vipi?»

Dada yangu, umeuliza maswali matatu, lakini naona la nne limejificha nyuma yake: je, kosa lilikuwa langu? Nitaanza na hilo, kwa sababu ukiamini kosa lilikuwa lako utajikinga na kitu ambacho sicho kilichokuumiza.

Shemeji yako amesema kweli nusu. Rais Kenyatta alipotangaza tarehe 6 Aprili 2020 kwamba watu wasiingie wala kutoka Nairobi, na kuanzia tarehe 8 Mombasa, Kilifi na Kwale, magari ya mizigo hayakuzuiwa. Chakula kilipita. Ila soma tena habari yako mwenyewe uone kilichozuiwa ni nini: mzigo uliruhusiwa, mwenye mzigo hakuruhusiwa. Tajiri mwenye lori lake na dereva wake hakupungukiwa kitu, maana hata kabla ya hapo yeye hakuwa akipanda lori. Aliyefungiwa nje ni mama anayepakia kreti zake kwenye lori la watu kisha anazifuata kwa matatu ili asimame nazo sokoni. Hakuna mahali amri ilipowataja wanawake. Iliandikwa tu kana kwamba kila mwenye mazao ana gari.

Na kwenu Taveta mlifungiwa pande mbili. Tarehe 16 Mei mwaka huo mpaka na Tanzania nao ukafungwa kwa wasafiri, mizigo ikaachwa ipite na madereva wakipimwa. Kwa hiyo hata aliyefikiri «basi nitavuka Holili nikauze upande wa pili» alikuta kanuni ile ile: kreti ina ruhusa, wewe huna.

Watu wasiofanya biashara ya mboga hudhani kwenda sokoni mwenyewe ni kupenda tu safari. Sivyo. Bei ya nyanya huamuliwa kreti ikiwa wazi, mnunuzi akizibonyeza za juu na kuchungulia za chini, wewe ukiwa hapo kumwambia zilichumwa jana. Usipokuwepo, bei unaisikia kwenye simu na huna njia ya kujua kama ndiyo. Tena biashara ya jumla ya mboga ni ya usiku na alfajiri, na kafyu iliyoanza tarehe 27 Machi ilifunga njia kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, mpaka ilipolegezwa Juni. Nyanya iliyoiva katika joto la Taveta haina subira hiyo. Dalali alijua kwamba kesho bidhaa yako itakuwa na thamani ndogo kuliko leo, nawe ulijua kwamba anajua.

Nisimwonee dalali lakini. Naye wateja walimpotea. Ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa tarehe 25 Machi hadi 1 Agosti, hoteli za pwani zikafunga jikoni. Shule zilifungwa katikati ya Machi, madarasa machache yakarudi Oktoba, na wengine wote wakasubiri Januari 2021. Hoteli na shule ndizo hununua mboga kwa magunia. Hata ungesimama Kongowea mwenyewe, 4,000 usingeiona. Lakini kati ya bei iliyoshuka na bei ya 700 kuna nafasi kubwa, na nafasi hiyo ndiyo uliyoipoteza kwa kutokuwepo.

Halafu kuna kalenda. Nyanya iliyopandikizwa mwezi wa pili huanza kuchumwa mwezi wa nne au wa tano. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 13 Machi, miche yako ikiwa tayari ardhini na pesa ya mkopo tayari imekwisha kwenye mbolea na dawa. Mtu anayesema ungejua biashara angekuwa na haki kama kungekuwa na jambo la kujua siku ile ulipopandikiza. Halikuwepo.

Sasa niseme jambo ambalo katika barua yako umelipa sentensi mbili tu, na mimi naona ndilo zito kuliko yote: watoto wanne nyumbani, na mume aliyerudi bila kazi. Nyanya ni zao linalotaka mikono kila siku. Kufunga kamba, kupogoa vichipukizi, kumwagilia, kupiga dawa ya ukungu, kukagua majani kama kantangaze, yule kiwavi wa nyanya, ameingia. Ukichelewa kukagua, utamkuta ameshatoboa matunda. Mwezi wa nne mwaka ule ulikuwa na midomo sita ya kulisha mchana kutwa, maji ya watu sita, kuni za watu sita, na watoto ambao zamani walikula uji na chakula cha mchana shuleni. Saa za kufanya hayo zilitoka shambani, hazikuwa na pengine pa kutoka. Nikipiga hesabu za mashamba madogo, hii ndiyo gharama ninayoikuta haikuandikwa popote, kwa sababu hakuna aliyelipwa.

Na pesa iligeuka njia. Miaka yote Diani ilituma, Taveta ikapokea. Hoteli zilipofungwa aliyekuwa akituma akaja kula. Pwani nzima ilikuwa hivyo: vijana na waume walirudi vijijini kwa sababu kijijini kuna shamba, na shambani kuna mama. Shamba la mwanamke likawa ndiyo akiba ya ukoo mzima, wakati ule ule ambapo soko lake lilikuwa limefungwa. Simlaumu mumeo, naye alipoteza riziki yake. Nataka tu uone ulibeba nini kabla hujakubali kuitwa mtu asiyejua biashara.

Hata mbuzi. Wengi hufuga mbuzi kama akiba, na ni akiba nzuri mtoto akiugua au ada ikidaiwa. Lakini mwaka 2020 minada mingi ya mifugo ilisimamishwa kwa sababu ya mikusanyiko, na kila nyumba ilikuwa na shida siku moja. Wote wakiuza na hakuna anayenunua, mbuzi anakuwa nyama ya bei ya kutupa.

Hapo ndipo tunafika kwenye kikundi chenu na matusi yake. Dhamana ya pamoja ni sawa na watu wanane wanaovuka mto wakiwa wameshikana mikono: mmoja akiteleza, saba wanamshikilia. Mto ukifurika na kuwazoa wote kwa pamoja, mikono ile ile iliyoshikana inawavuta chini. Mkopo wa aina hiyo umetengenezwa kwa ajili ya msiba wa mtu mmoja. Janga linalowapiga wanachama wote wiki moja hauliwezi. Wale wawili waliotoroka walikukosea, silipingi hilo, lakini kikundi kilivunjwa na muundo wa mkopo kabla ya kuvunjwa na tabia ya mtu. Benki Kuu ilitangaza unafuu wa mikopo tarehe 18 Machi 2020, kwamba mwenye mkopo wa benki uliokuwa ukilipwa vizuri hadi tarehe 2 Machi aende kuzungumza na benki yake apangiwe upya. Aliyefaidika ni mwenye mkopo wa benki kwa jina lake aliyejua pa kwenda kuuliza. Mama aliyekuwa mmoja wa wanane kwenye daftari la kikundi hakuwa na mlango huo.

Wala msidhani ni Taveta peke yenu. Ebola ilipoingia Sierra Leone mwaka 2014 na wilaya za Kenema na Kailahun zikazungushiwa ulinzi mwezi wa nane, magulio ya kila wiki, yale wanayoyaita luma, yalifungwa. Mpunga na mboga zilibaki mashambani na akina mama wafanyabiashara wakala mtaji wao wa kuzungushia. Ugonjwa mwingine, nchi nyingine, na aliyefungiwa nje ni yule yule asiye na gari.

Kuhusu mpox, hofu yako naielewa, maana mgonjwa wa kwanza Kenya, aliyetangazwa mwisho wa Julai 2024, aligunduliwa hapo hapo kituo cha mpakani Taveta, msafiri wa masafa marefu. Lakini mpox huenea hasa kwa kugusana kwa karibu, ngozi kwa ngozi, au kutumia shuka na nguo za mgonjwa. Haisambai hewani kwa wepesi wa korona. Shirika la Afya Duniani lilitangaza dharura Agosti 2024 na kuiondoa Septemba 2025, na katika muda wote huo Kenya haikufunga kaunti wala kupiga kafyu kwa ajili yake. Si kila ugonjwa unaotangazwa redioni unafunga barabara. Ukisikia habari ya namna hiyo, uliza kwanza unaambukizwaje, kisha mwulize afisa wa afya wa kata kama kuna katazo lolote la usafiri, ndipo uamue kuhusu msimu.

Nami nimeshtuka ulipoandika kwamba usingizi ulipotea na msimu ukapita bila kupanda. Kukosa usingizi siku mbili tatu ni hofu ya kawaida. Kama bado moyo unakwenda mbio ukiona lori linapakiwa, au unaahirisha kazi unayoijua kwa miaka mingi kwa sababu mikono haikubali, hilo linatibika na si la kuvumilia kimya. Nenda hospitali ya Taveta umwambie daktari kama ulivyoniambia mimi. Wakihitaji watakupeleka hospitali ya rufaa ya kaunti, Voi. Na kama katika miezi ile ya kufungiwa ndani ulipigwa au kutishwa, au bado inatokea, namba 1195 ya msaada kwa wanaofanyiwa ukatili hupigwa bure kutoka simu yoyote nchini.

Sasa nyanya au mahindi. Shemeji anakosea kuyashindanisha. Mahindi yanakaa ghalani, ni kweli, na chakula kilicho ghalani hakiulizwi kibali na askari wa kizuizini. Lakini ekari moja ya kukodi ikiwa mahindi matupu, ukitoa kodi, jembe, mbegu na mbolea, itakulisha na haitakulipia ada. Nyanya ndiyo inayoleta pesa. Usiiache, ipunguze na uigawe. Mimi ningeweka nusu ekari ya nyanya, nayo nisiipandikize siku moja. Robo leo, robo nyingine baada ya wiki nne au tano. Njia ikifungwa ghafla, robo ya pili bado ni miche na unaweza kuamua. Nusu ekari iliyobaki ingekuwa ya vitu vinavyokaa: pojo (ndengu), ambazo huvunwa kwa miezi miwili hadi miwili na nusu, na mahindi ya nyumbani. Ziweke kwenye mifuko ile ya plastiki ya tabaka isiyopitisha hewa, dumuzi na fukusi hawaishi humo na huhitaji dawa. Ndizi ziache ziendelee. Ndizi inakatwa mbichi, inavumilia safari, na siku soko likikataa inaliwa.

Chuma nyanya zikianza tu kubadilika rangi badala ya kungoja ziwe nyekundu. Kivulini, penye hewa, hizo zinakupa siku kadhaa zaidi za kusikiliza bei, na siku tatu za kusubiri ni nguvu kubwa mbele ya dalali. Juu ya kukausha nyanya kama mnavyofundishwa kwenye semina, nitakuwa mkweli: kilo kumi na tano hadi ishirini za nyanya mbichi hutoa kilo moja kavu, na huko kwenu mnunuzi wake hayupo. Kausha za mboga yako, usiifanye biashara.

Kujikinga na janga lijalo, usihesabu una mazao mangapi. Hesabu ni mangapi kati ya hayo yanategemea barabara moja na mtu mmoja. Ukiwa na nyanya, hoho na bilinganya na zote zinaishia Kongowea kwa dalali mmoja, una zao moja. Tafuta mnunuzi mdogo wa karibu hata kama bei yake ni ya chini, mama wa genge Taveta mjini, shule, mwenye kioski Voi, na umuuzie kidogo kila wiki hata wakati mzuri, ili siku mbaya uwe muuzaji wake wa zamani na si mgeni anayelia. Na katika wale wanane, wale mlioelewana, msikimbilie kukopa pamoja; anzeni kwa kusafirisha pamoja. Mkikodi lori dogo kwa zamu, mmoja wenu akasajiliwa kama msimamizi wa mzigo, kukija katazo mnakuwa na mtu wenu mwenye haki ya kuwa ndani ya gari la mizigo. Kikundi kikiandikishwa kwenye ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo, kina karatasi ya kuonyesha. Mwaka 2020 karatasi ndiyo iliyopita kizuizini.

Karatasi nyingine ni za jina lako. Mbolea ya ruzuku siku hizi hutolewa kwa mkulima aliyesajiliwa na ujumbe huingia kwenye simu aliyoiandikisha. Hakikisha ni kitambulisho chako na simu yako, si ya mumeo, maana ukitolewa msaada wowote ni daftari kama hilo linalofunguliwa. Mkataba wa kukodi ekari nao uandikwe, hata ukurasa mmoja, muda na kodi na mashahidi wawili, mbele ya mzee wa mtaa au chifu. Mwaka wa shida mwenye ardhi huja kutaka shamba lake mimea ikiwa na maua.

Akiba ndogo iwe mahali ambapo pesa haigeuki mbuzi: SACCO iliyosajiliwa, au hata akiba ya kwenye simu iliyofungwa kwa muda maalumu. Lengo la kwanza liwe gharama ya msimu mmoja wa robo ekari, mbegu hadi mavuno. Ukiipata hiyo, janga linaweza kula mavuno yako bila kula msimu unaofuata. Hicho ndicho kilichokuangusha baada ya 2020: ulipoteza nyanya, kisha ukakosa mtaji wa kurudi.

Mkopo wa taasisi hii, basi. Sikuambii ukatae mikopo yote. Lakini usiweke sahihi kabla hujajibiwa mambo haya kwa maandishi. Marejesho yanaanza lini? Ukianza kulipa wiki ya pili wakati nyanya inachumwa wiki ya kumi na moja, utalipa kwa pesa ya mkopo wenyewe, na riba utaitoa kwenye chakula. Wanachama wote wakipatwa na janga moja, kama mafuriko, ugonjwa au amri ya serikali, malipo yanasimamishwa au yanaendelea? Na mwenzako akishindwa, unadaiwa sehemu yako tu au deni lake lote? Uliza pia kama wana leseni ya Benki Kuu au ya msimamizi wa SACCO. Kisha kopa kiasi ambacho ungeweza kukilipa nyanya zikiuzwa nusu ya bei unayoitegemea. Kama kreti ni 4,000 leo, fanya hesabu zako kwa 2,000. Hesabu ikikataa, mkopo ni mkubwa mno kwako. Fananisha pia na hazina ya serikali ya mikopo ya wanawake iliyoanzishwa 2007, ila uliza kwanza riba na ada zake za sasa.

Kama kuna mtu bado anakudai lile deni la zamani la wenzako waliotoroka, au anatishia kubeba vyombo vyako, usilipe hata shilingi wala kusaini kitu kipya kabla ya kuonyesha karatasi zote kwa wakili wa msaada wa sheria au ofisi ya ushirika ya kaunti. Na afisa wa kilimo wa kata mwite atembee shambani kabla ya kugawa ekari, akuambie maji yako yanatosha robo ngapi. Fanya haya yote kabla ya kitalu, maana ukishapandikiza utakubali masharti yoyote ili miche isife.